Nguruwe Haingii Kwenye Barua ya Kazi

Mwalimu Severini Mlowe alisahihisha kwa sauti. Alikaa kwenye meza yake ndani ya steshenari ya Hosea, jirani na stendi ya Makambako, mgongo ukutani na uso kwa wateja, akaisoma karatasi ya mtu kuanzia mstari wa kwanza. Kila alipokuta kosa alilitangaza ili foleni nzima ilisikie, kisha akalizungushia duara jekundu.

"Huyu anasema atazaliwa Makambako," alisema asubuhi hiyo, akiwa ameshika barua ya kijana aitwaye Timoth. "Nyakati zimemshinda. Timoth, bado hujazaliwa?"

"Nimezaliwa, mwalimu."

"Basi umeandika habari za mdogo wako."

Foleni ilicheka. Timoth naye alicheka huku akijikuna shingo, akatoa hela yake mapema ili aonekane hajakasirika. Mwalimu aliendelea. Alirekebisha tahajia, akaweka mikato palipokosekana, akaondoa mingine iliyowekwa kama punje za mtama. Alipofika katikati ya ukurasa aliweka kalamu chini.

"Hapa hapasahihishiki. Hapa ni kubomoa na kujenga upya. Unataka?"

"Jenga, mwalimu."

Akajenga. Kwake sentensi sahihi ilikuwa moja tu, kama jibu la hesabu, na alikuwa ameifundisha sekondari kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Hakuona sababu ya kumpa Timoth sentensi tofauti na aliyompa mteja wa jana. Wateja hawakulalamika. Wengi wao walikuwa na simu ambazo zingeweza kuwaandikia Kiingereza kwa dakika moja, lakini ilikuwa imeenea habari kwamba maofisi sasa yana mashine ya kunasa Kiingereza cha simu. Kwa hiyo walimrudia binadamu, wakavumilia kuchekwa, wakaondoka na karatasi safi.

Wiki ile karibu wote walileta kitu kimoja. Shirika moja la Njombe lilikuwa limetangaza kazi ya waelimishaji wa lishe vijijini: mshahara wa kila mwezi, bima, na pikipiki. Mwombaji alitakiwa aandike barua, pamoja na andiko la ukurasa mmoja kwa Kiingereza, kwa maneno yake mwenyewe, kuhusu kaya moja anayoifahamu. Asiwe amepita miaka ishirini na nane.

Eveline, binti mkubwa wa mwalimu, alikuwa anaingia miaka ishirini na tisa mwezi wa nane. Tangazo lingine la namna hiyo, hata likitoka, halitamhusu.

*

Lukresia, mke wa mwalimu, aliliona andiko la Eveline alipokuwa anatandika kitanda cha binti yake. Lilikuwa limekunjwa ndani ya foronya. Hakujua Kiingereza cha kutosha kulisoma, lakini aliona kwamba halikuwa na wino mwekundu, akalipeleka sebuleni pamoja na chai ya asubuhi.

"Baba Eveline, mtoto kaandika. Anataka kupeleka hivihivi."

"Hivihivi vipi?"

"Hivihivi. Bila wewe."

Katika nyumba ile hakuna neno la Kiingereza lililotoka nje bila kupita chini ya kalamu ya baba. Alisahihisha kadi za michango ya harusi, barua ya jumuiya kwa mgeni wa paroko, hata lebo za chupa za asali ambazo Lukresia aliziuza sokoni. Eveline alipoingia na ndoo ya maji, baba yake alikuwa ameshafika aya ya pili.

"Baba, hilo bado."

"Naona ni bado. Hata asiyeona angeona."

"Nilitaka kupeleka mwenyewe. Tangazo limesema kwa maneno ya mwombaji."

"Maneno nitakuachia. Nachukua makosa tu." Akageuza karatasi. "Yakishatoka makosa, tutaona kilichobaki."

"Wanataka waone mtu anavyoandika."

"Wataona mtoto wa mwalimu wa Kiingereza anavyoandika! Watasema Mlowe anawafulia watu nguo mjini, wa kwake wanatembea na matope. Hilo unalitaka?"

Eveline alitua ndoo chini. Alikuwa na stashahada ya maendeleo ya jamii iliyomkalisha nyumbani miaka mitatu. Msimu wa parachichi ukifika alisimama kwenye mstari wa kufungashia kiwandani, akitenganisha matunda makubwa na madogo, na hela aliyopata ilinunua unga wa nyumba hiyohiyo. Krismasi iliyopita baba yake alimtambulisha kwa wageni kuwa ana stashahada ya parachichi. Wageni walicheka wakiwa na vinywaji mkononi, naye akaendelea kugawa vitambaa vya mezani.

"Mpe baba yako, mwanangu," Lukresia alisema kwa upole. "Kwani atakula? Si kazi yake?"

"Njoo saa nne dukani," mwalimu alisema, akilikunja andiko na kulitia mfukoni mwa koti. "Hosea atalichapa."

*

Andiko lenyewe lilihusu mama mmoja aitwaye Idda, wa kijiji kilicho nje kidogo ya Igwachanya, ambako Eveline aliwahi kukaa miezi miwili wakati wa mafunzo ya vitendo. Idda alikuwa na miti ya parachichi. Matunda mazuri yalichukuliwa na wanunuzi, na yale yaliyokataliwa alimpa nguruwe. Mtoto wake mdogo alikula ugali na maji ya viazi, na nywele zake zilikuwa zimegeuka rangi ya ndevu za mahindi. Eveline alimwuliza Idda kwa nini asimpe mtoto yale ya nguruwe. Idda alimjibu bila hasira: "Nguruwe tunamuuza. Mtoto tunamuuza?"

Eveline alikuwa ameliandika jibu hilo kama lilivyosemwa. Kiingereza chake kilichechemea kila mstari, lakini nyumba ya Idda ilionekana mle ndani, na zizi, na mtoto aliyekaa mlangoni akiangalia nguruwe anavyokula.

Saa nne alifika dukani, akakuta foleni imefika mlangoni. Alisimama mwisho. Baba yake alimwona, akavuta karatasi kutoka mfukoni.

"Sasa sikilizeni hili," alisema. "Jina la mwandishi nalihifadhi."

Akasoma Kiingereza taratibu, kama anavyosomewa mtuhumiwa mashtaka, kisha akawatafsiria wale ambao hawakufuata.

"'Mama anampa nguruwe parachichi. Mtoto anamnyima.' Haya ni maombi ya kazi au ni taarifa ya bwana mifugo?"

Watu walicheka.

"Subirini. 'Nilimwuliza, kwa nini? Akasema: nguruwe tunamuuza, mtoto tunamuuza?'"

"Huyo apelekwe machinjioni, atawafaa!" Hosea alisema kutoka kwenye kompyuta yake, na foleni ikaangua kicheko. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alicheka mpaka akajishika kwenye kaunta. Eveline aliangalia kushoto na kulia. Wote walikuwa wanacheka, na asiyecheka angejulikana. Akacheka. Baba yake alimwona akicheka, akaridhika, akapiga mstari mwekundu kutoka kona moja ya ukurasa mpaka nyingine.

Wateja walipopungua alimsogelea mezani.

"Baba, ile ya nguruwe iache."

"Nguruwe haingii kwenye barua ya kazi."

"Lakini ndiyo maana yake yote."

"Unaomba kazi kwa watu waliosoma, unawaingiza zizini? Watakanyaga wapi?" Alikuwa ameshaanza kuandika. "Wewe kaa hapo. Angalia mwandiko."

Idda alipoteza jina lake kwanza. Akawa kaya nyingi za vijijini. Zizi likawa changamoto mbalimbali. Mtoto wa mlangoni akawa watoto wote walio chini ya miaka mitano, na jibu la mama yake likawa uelewa mdogo wa jamii. Mwalimu aliandika bila kusita, kwa sababu alikuwa ameandika hivyo kwa Timoth jana yake, na kwa wengine kabla ya Timoth. Kwa binti yake aliongeza uangalifu: alitafuta maneno marefu zaidi, akasoma mara mbili. Mwishowe karatasi haikuwa na kosa hata moja. Haikuwa na mtu pia.

Hosea aliichapa. Barua pepe ilipokuwa tayari, baba alisimama nyuma ya kiti.

"Haya, tuma."

Eveline alibonyeza mwenyewe.

*

Simu ilitoka Njombe wiki mbili baadaye. Eveline alitakiwa kufika ofisini Alhamisi. Mwalimu aliitangaza habari hiyo kuanzia steshenari mpaka kwa wauza viatu wa stendi, na Lukresia akampa binti yake sweta jipya lililokuwa limewekwa kwa ajili ya Pasaka.

Njombe ilikuwa na ukungu ambao haukutoka hata saa tatu ilipopita. Katika korido ya ofisi kulikuwa na mabenchi mawili, na Eveline alipokaa aligundua kwamba nyuso zote anazijua. Wote walikuwa watu wa foleni ya Hosea. Hakukuwa na mtu wa Ludewa, wala wa Makete, wala wa Njombe mjini.

Mlango ulifunguka, akatoka Timoth. Alikuwa anatoka jasho licha ya baridi.

"Kamwene, dada Eveline," alimsalimu.

"Kamwene. Wamekuuliza nini?"

"Huu siyo usaili. Ni kesi." Akakaa karibu naye na kushusha sauti. "Wametandaza karatasi zetu mezani. Pale zinapofanana wamepaka rangi ya njano. Ya kwangu yote njano. Mimi nilidhani wamenipenda."

"Ukasema nini?"

"Nikasema ukweli. Nimemtaja mwalimu. Usinichukie, dada, wote wamemtaja. Ukimtaja unapewa karatasi mpya, unaingia chumba kile unaandika upya mbele yao."

"Na usipomtaja?"

"Unarudi stendi." Timoth alitazama mlango. "Kuna kitu kingine. Yule mama anayehoji anauliza kama kuna ndugu wa mwalimu humu. Anasema aliye ndugu wa mwandishi haandiki upya. Anamwita mshirika, anasema ndiye aliyeleta biashara."

Eveline aliangalia viatu vyake. Vilikuwa vya mama yake.

"Jina langu wanalo."

"Kina Mlowe mko wengi, wilaya nzima ya Wanging'ombe," Timoth alisema. "Mimi sijasema kitu. Nenda."

*

Ofisa utumishi wa shirika aliitwa Judith Fute. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi, na hakupoteza muda.

"Eveline S. Mlowe. Kaa. Hili ni lako?"

Andiko lilikuwa mezani. Rangi ya njano ilikuwa imeanzia kwenye sentensi ya kwanza na kushuka mpaka chini. Maneno machache tu yalikuwa yamebaki meupe. Yalikuwa yale marefu zaidi.

"Ni langu. Lakini sikuliandika mimi. Nilipeleka la kwangu kusahihishwa, likarudi hivi."

"Nani alisahihisha?"

"Mwalimu Mlowe. Pale stendi ya Makambako."

"Mlowe. Na wewe Mlowe."

"Tuko wengi, mama."

"Ni ndugu yako?"

"Hapana. Nilimlipa kama wengine."

Judith alivaa miwani. "Hii S ni jina gani?"

"Simoni."

"La baba?"

"Ndiyo. Baba yangu anaitwa Simoni."

Alilisema jambo hilo kwa urahisi kuliko alivyotegemea. Judith aliandika jina, akampa karatasi tatu tupu na kalamu, akamwonyesha chumba cha pili.

Eveline aliandika kwa saa nzima. Hakukumbuka tena sentensi za baba yake, wala hakujaribu. Alianza na zizi. Alipotoka, Judith alisoma akiwa amesimama dirishani, na alipofika ukurasa wa pili alirudi nyuma akasoma tena mahali fulani.

"Huyu mama yupo?"

"Yupo. Anaitwa Idda."

"Na mtoto?"

"Alikuwa hai nilipoondoka."

Judith alikaa. "Kiingereza chako kina makosa."

"Najua."

"Mengi."

"Najua, mama."

"Ripoti zetu zina watu wa kuzirekebisha. Mimi natafuta mtu anayeweza kukaa jikoni kwa Idda, akaona, akaja kuniambia alichoona. Tangu Jumatatu nasoma kaya za vijijini na changamoto mbalimbali." Alivuta jalada jipya, akaandika jina juu yake. "Pikipiki unaweza?"

"Nitajifunza."

"Utajifunza hapa, kuna mtu. Tarehe moja mwezi wa saba ufike na cheti cha kuzaliwa na picha nne." Akaiandika tarehe hiyo ndani ya jalada. Eveline aliisoma juu chini kutoka upande wake wa meza. Cheti cha kuzaliwa, chenye jina la baba, kilimpita kichwani na hakukaa nacho. Mwezi wa saba ulikuwa mbali.

"Jambo la mwisho, nifunge hesabu," Judith alisema, akichukua simu ya mezani. "Huyo mwalimu wenu nimetajiwa na watu kumi, sijamsikia mwenyewe. Kijana mmoja amenipa namba. Wewe usiseme kitu."

Akaweka sauti ya nje.

*

Simu iliita juu ya meza ya steshenari wakati mwalimu akimweleza mteja tofauti ya nukta na mkato. Aliposikia jina la shirika alisimama. Akainua mkono kunyamazisha foleni, na yeye pia akaweka sauti ya nje, kusudi wasikie.

"Mwalimu, tumepokea maandiko mengi kutoka Makambako," ilisema sauti ya mwanamke. "Yameandikwa vizuri sana. Tunaambiwa ni kazi ya mkono wako."

"Ni kweli, mama. Umefika penyewe."

"Yote?"

"Yote. Hakuna karatasi inayotoka hapa na kosa. Ukiona kosa ujue limewekwa na mchapaji."

Hosea alipiga meza kwa furaha. Watu walitazamana. Mama mmoja alimwambia mwenzake, "Wanampigia kutoka Njombe, unasikia?"

"Tunaye hapa mmoja," sauti iliendelea, "Eveline Mlowe. Anasema yeye alikuwa mteja wako tu. Hamna undugu."

Kule Njombe, Eveline alikuwa anaiangalia simu na mikono yake miwili imeshika ukingo wa kiti. Alichotaka ni neno moja, na neno hilo lilikuwa fupi. Pale Makambako, foleni nzima ilikuwa imemgeukia mwalimu, na wengi wao walimjua Eveline tangu akivaa sare ya shule ya msingi. Severini Mlowe alipata muda wa kutosha kujiuliza kwa nini binti yake aseme kitu kama hicho. Hakujiuliza. Aliwaza kwamba watu wamesikia.

"Hapo kuna kosa," alisema. "Eveline ni binti yangu wa kuzaa, wa kwanza. Na andiko lake nililiandika kwa uangalifu kuliko yote. Alikuwa ameleta habari za nguruwe."

"Asante, mwalimu. Naomba jina lako kamili."

"Severini Mlowe. Severini, kwa i mwishoni. Wengi wanakosea."

Simu ilikatika. Mwalimu aliishusha mezani taratibu, akavuta kiti na kukaa. Siku ile walikuja wateja wengi mpaka Hosea akaazima benchi kwa jirani.

*

"Huyo Simoni ni nani?" Judith aliuliza.

Eveline aliachia ukingo wa kiti.

"Kanuni ya ndugu niliiweka mimi," Judith alisema. Hakuwa amekasirika, alikuwa anapiga mstari wa kalamu juu ya tarehe aliyoiandika. "Ningeweza kuivunja mimi. Ungesema ni baba yangu, kanilazimisha, ningekupa karatasi zilezile. Sasa nimeshika mtu aliyenitungia baba kwa sekunde moja bila kupepesa. Kesho utanitungia kaya ngapi?"

"Idda sikumtunga."

"Inawezekana. Nitajuaje?"

"Naomba basi nichukue andiko langu."

Judith alilitazama lile andiko, kurasa tatu za mwandiko wa haraka.

"Linabaki. Ni karatasi zetu. Huyo mama tutatuma mtu amtafute." Akafunga jalada. "Mwite anayefuata."

Timoth alikuwa bado koridoni, ameambiwa asubiri. Alipouona uso wake alisimama.

"Vipi, dada?"

"Anayefuata anaitwa," Eveline alisema, akapita.

*

Mwalimu alifunga kazi mapema. Aliagiza kuku achinjwe, na kwa kuwa hela ya kuku wa sokoni ingeharibu bajeti ya wiki, Lukresia alichinja tetea aliyekuwa anataga. Majirani wawili walipita kutoa pongezi. Eveline alipofika nyumbani jua lilikuwa linazama, na harufu ya kuku ilikuwa imefika barabarani.

"Nawa mikono, mwanangu, nawa," Lukresia alisema. "Baba yako kasimulia kila kitu. Mpaka shirika limepiga!"

Walikaa mezani. Katika nyumba ile, kama katika nyumba nyingi za jirani, firigisi ni ya baba. Hailiwi na mtoto, hailiwi na mama, na mgeni akipewa ni kwa ruhusa. Lukresia aliichota kwa kijiko kutoka kwenye mchuzi, akasita, akamtazama mumewe.

"Mpe yeye," mwalimu alisema. "Leo ndiye mwanaume wa nyumba."

Lukresia alicheka, akaiweka kwenye sahani ya Eveline, juu kabisa ya ugali, ionekane.

"Haya," baba alisema akimega tonge. "Unaanza lini?"

"Sianzi."

"Huanzi nini?"

"Kazi sijapata."

"Acha utani, mtoto. Wamenipigia mimi. Wamesifu."

"Walikuwa wanakutega, baba. Maandiko yote uliyoandika yanafanana. Wamewaita wote kuwauliza aliyeandika ni nani. Waliokutaja walipewa nafasi ya kuandika upya. Ndugu yako hakuruhusiwa." Alisema kwa mpangilio, kama aliyekuwa ameyapanga njiani. "Nikasema hatuna undugu. Nikapewa karatasi, nikaandika ile ya nguruwe. Wakanipa kazi. Wakaandika na tarehe. Ndipo wakakupigia."

Lukresia aliweka kijiko chini. Mwalimu alitafuna mpaka akamaliza, akameza.

"Ulisema baba yako nani?"

"Simoni."

"Simoni yupi?"

"Hayupo. Wa kutunga."

"Yesu na Maria," Lukresia alisema.

"Nyamaza," mwalimu alimwambia mkewe bila kumgeukia. "Eveline. Mimi kwenye simu nilisema nini?"

"Ulisema ni binti yako."

"Nilisema uongo?"

"Hapana."

"Kuna neno moja nililosema la uongo? Fikiri vizuri, usinijibu haraka."

Eveline alifikiri. Alilipitia kila neno, na hakupata.

"Hakuna, baba."

"Na wewe?"

"Mimi nilisema uongo."

"Haya," mwalimu alisema. "Lukresia."

Hakuongeza kitu, na Lukresia hakuhitaji kuongezewa. Alinyoosha mkono juu ya meza, akaitoa firigisi kwenye sahani ya binti yake, akaiweka kwenye sahani ya mumewe. Iliacha alama ya mchuzi juu ya ugali. Mwalimu aliigeuza kuona kama imeng'atwa. Haikuwa imeng'atwa. Akaila.

Walikula wote watatu mpaka sahani zikaisha, kwa sababu kuku alikuwa ameshachinjwa. Lukresia alisema kwamba kiwandani wanaandikisha watu wa msimu Jumatatu, na kwamba anayewahi ndiye anayepata.

Baba alipomaliza alisukuma sahani, akaiweka mikono yake mbele. Eveline aliinuka, akachukua jagi na beseni, akamimina. Mwalimu alirudisha vidole.

"Maji yamepoa," alisema.

Eveline akarudi jikoni kuyapasha.